Nilivyokalishwa na Mkwe Kwenye Basi la Umoja

Mmeniuliza mlangoni, mmeniuliza sokoni, na Bi Fatuma, Mungu amsamehe, ameniuliza hata msibani, juzuu ikiwa mkononi. Kila mmoja nimempa kipande, na sasa vipande vimeanza kutembea peke yao: mmoja kasikia nimepigana, mwengine kasikia nimelia mbele za watu, na wa tatu anaapa kuwa nimeolewa mimi. Basi kaeni kitako niwahadithie yote mara moja, kutoka Mambrui mpaka Mtwapa na kurudi. Habari ya nani alikodi basi na ruhusa ilitoka ofisi gani sitaisema. Siijui, na hata ningeijua haina ladha.

Mambrui hadi Malindi: sisi kwa sisi

Kwanza nimkumbushe asiyejua. Timu yetu ya Mambrui ilifika fainali na timu ya Kakuyuni. Mara ya mwisho timu hizi kukutana pale Malindi, mpira uliisha lakini mawe hayakuisha, kwa hivyo wakubwa wakaamua fainali ichezwe mbali, Mtwapa, ambako hakuna mjomba wa mtu. Hapo likajitokeza shirika moja la amani, likasema litatoa basi moja kwa mashabiki wa pande zote mbili, kwa sharti kwamba tukae tumechanganyika, mmoja wetu na mmoja wao, njia nzima na uwanjani pia. Ubavuni wakaliandika BASI LA UMOJA kwa rangi nyekundu, na rangi ilikuwa mbichi bado, kwa hivyo waliopanda mwanzo walikwenda fainali na umoja kwenye kanzu.

La pili ndilo lenyewe. Binti yangu Zulekha, mwalimu wa chekechea, ameposwa na Ali Kazungu wa Kakuyuni, fundi wa pampu za visima. Walijuana pampu ya madrasa ilipoharibika. Kijana ni Muislamu mtoto wa Muislamu, ana kazi, hanywi, havuti. Nimemtafutia ila mpaka nimechoka, sikuipata, isipokuwa ile moja, kwamba yeye ni Mgiriama na sisi ni Waswahili. Walii wa Zulekha ni ami yake aliyeko Lamu, naye kasema atakalo mama mtu ndilo litakalokuwa, kwa hivyo jibu likawa langu. Nikaliahirisha kwa mfungo, nikaliahirisha kwa mvua, mwisho nikasema mpira upite kwanza, nikirudi Mtwapa nitajibu. Zulekha akaniambia kwa upole, "Mama, ukikataa nitakutii. Ila usiniletee mwengine, sitamtaka." Alisema hivyo huku anakuna nazi, wala hakuinua uso. Tangu siku ile usingizi ukanihama.

Kaka yangu Omari, mwenye duka la vitambaa, yeye usingizi anao. "Ukimwoza Kakuyuni, kizingiti chako sikivuki," aliniambia. "Sina ubaya nao, dada yangu. Lakini damu ni damu." Mjomba mtu akisema hivyo hadharani, si jambo la kupuuza. Omari ndiye aliyenishika mkono nilipofiwa na mume, na sina kaka mwengine.

Mimi si mkabila, mnanijua. Mahindi nanunua kwa Wagiriama, kuni nanunua kwa Wagiriama, na kipa wetu Karisa, ambaye ni Mgiriama wa hapa hapa Mambrui, nimemlisha viazi karai vyangu tangu hajaota ndevu. Ila mtoto wa kuzaa si kiazi.

Basi mpaka Malindi tulikuwa sisi kwa sisi, na njia nzima tulizungumza juu ya ukabila, jinsi ulivyo mbaya na jinsi unavyoirudisha nchi nyuma. Wote tulikubaliana kuwa unatoka Kakuyuni. Baada ya hapo nikaanza kuwafundisha watu wimbo wangu mpya, maana mnajua vijembe vya timu yetu natunga mimi:

*Mahindi mwayajua, mpira hamuujui;*
*jembe mwalishikilia, goli hamlitambui.*

Uliitikiwa vizuri sana. Daraja la Sabaki tulilivuka tukiwa tumeshashinda.

Malindi: tunachambuliwa kama mchele

Watu wa Kakuyuni walikuwa wakitungojea Malindi, wamekaa kando ya barabara na vikapu vyao. Tuliposhuka kunyoosha miguu, watu wakaanza kusalimiana. Mwanamke wetu mmoja alimwona shangazi yake upande wa pili akamkimbilia kumbusu mkono. Wengine wakaulizana bei ya nyanya. Ingeachwa hivyo, tungepanda basi tukaenda zetu.

Lakini palikuwa na kijana wa shirika, amechomekea shati, ana kipaza sauti ingawa tulikuwa mbele yake hatua mbili. Tulimwita Mratibu, na mimi jina jengine sikulisikia. "Ndugu zangu," akasema, "leo hakuna kabila. Waswahili wapange mstari huku, Wagiriama huku."

Lo, kumbe ili tuchanganywe ilibidi kwanza tutenganishwe. Mwenye shangazi akaachana na shangazi. Mama yake Karisa, Mgiriama lakini amevaa leso ya Mambrui kwa sababu ya mwanawe, akawekwa mstari wa Kakuyuni, akaanza kulia kuwa hao si timu yake. Mzee mmoja Mbajuni, ambaye mjukuu wake ndiye mshambuliaji wa Kakuyuni, akaletwa kwetu kwa nguvu na kofia yake ya Kakuyuni kichwani. Mkamba anayeuza maji pale stendi, aliyezaliwa Malindi na aliyetaka kupanda kwa sababu tu anapenda mpira, aliulizwa anaunga mkono kabila gani. Akasema yeye anaunga mkono penalti. Kisha akaja dada ambaye baba yake Mbajuni na mama yake Mgiriama. Mratibu akafikiri sana, akamwambia, "Wewe kaa peke yako. Wewe tayari ni umoja."

"Na wewe, mwanangu, kwenu ni wapi?" nikamuuliza.

"Mimi ni msimamizi, mama," akajibu. Siku ile nzima yeye peke yake ndiye hakuwa na kabila.

Tulipokwisha kuchambuliwa, akaanza kutupanga wawili wawili, na hapo akapata wazo. "Wakali na wakali," akasema. "Nani anaongoza nyimbo za Mambrui?" Vidole vyote vikaja kwangu, hata cha kaka yangu. "Na Kakuyuni?" Vidole vikaenda kwa kijana mrefu mwenye ngoma, aliyekuwa ameinama anatazama ardhi kana kwamba kaangusha sindano.

"Jina?"

"Ali Kazungu," yule kijana akaiambia ardhi.

Mstari wetu ulinyamaza, na mstari wao pia. Mratibu akafikiri tumefurahi, akapiga makofi.

Malindi hadi Gede: ngoma katikati

Nyinyi hamhitaji kuelezwa, lakini andiko hili huenda likafika mbali, kwa hivyo nitasema. Kwetu mkwe ni haya. Mama mkwe hakai kiti kimoja na mumewe binti yake, hali naye sahani moja, hamtanii, wala hamtazami usoni. Akipita yeye, wewe wageuka, na ukipita wewe, yeye anashuka njia. Kwa Wagiriama ni vivyo hivyo, pengine na zaidi. Hakuna aliyekaa akatufundisha pande zote mbili, lakini wote tunajua.

Sasa tazameni mtego nilionaswa. Nikimwimbia kijana yule vijembe usoni, nimeshajibu posa: nimekataa, maana mkwe hatukanwi. Nikinyamaza na kujifunika, nimeshajibu vilevile: nimekubali. Basi zima lilijua. Omari, viti viwili mbele yangu, aligeuza shingo kunitazama kila baada ya kitambo.

Nilikaa dirishani. Ali alikaa upande wa njia, akaisimamisha ngoma katikati yetu kama ukuta, akageukia huko. Mimi nikavuta leso mpaka kwenye nyusi nikageukia nje. Wetu wakaanza, "Bi Mwanaisha, tuimbie." Nikasema koo limekauka. Wao wakaanza, "Ali, ngoma." Akasema ngozi imelegea, inataka moto. Waongo wawili kwenye kiti kimoja. Wimbo wangu ukaimbwa na wasiojua, wakauvunja mgongo. Wa Kakuyuni nao wakajibu kwa wimbo wao, ambao nakubali kuwa si mbaya:

*Halua mwaisonga, miguu imelegea;*
*kanzu zaburura chini, mpira wawapotea.*

Baadaye niliambiwa kautunga Ali mwenyewe. Nilikasirika, kwa sababu ni mzuri.

Karibu na Gede barabara ina matuta, na kila tuta lilitugonganisha mabega. "Samahani," aliiambia ngoma. "Hapana neno," nililiambia dirisha. Tuliombana radhi hivyo tuta baada ya tuta, na kila mmoja alimaanisha.

Omari alikuwa amekalishwa na mzee wa Kakuyuni aitwaye Mzee Charo. Walipofika Gede walikuwa wameshapeana tambuu ya kutafuna, wameshahadithiana ugonjwa wa macho, na Omari ameshamwahidi dawa ya matone. Tuliposimama kidogo akaja kuninong'oneza, "Yule mzee mtu mwema sana. Si kama wao." Na papo hapo nikamsikia Mzee Charo akiwaambia wenziwe kuhusu Omari, "Mswahili huyu ana utu. Si kama wenziwe."

Kilifi: sinia moja

Kilifi tulishushwa kwenye mkahawa, tukakuta pilau ya mbuzi imeshapakuliwa. Harufu yake ilinifikia kabla sijashuka ngazi, na mimi tangu alfajiri nilikuwa na kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaona vile ilivyopakuliwa. Sinia moja kwa watu wawili. Mratibu alikuwa amewaagiza hivyo makusudi, ili jirani ale na jirani.

"Mimi nimeshiba," nikasema. Tumbo langu likanisuta kwa sauti.

"Mimi nimefunga," akasema Ali. Watu wote walimwona Malindi akila mahamri.

Mratibu alihuzunika. Akachukua kipaza sauti mle mkahawani, watu wengine wanakula chakula chao kwa amani, akasema, "Ndugu zangu, tazameni. Huu ndio ukabila. Mama huyu na kijana huyu hawataki hata kula pamoja." Wateja wakageuka kunitazama, mimi mkabila wa Mambrui. Mama mmoja nisiyemjua alitikisa kichwa kwa masikitiko. Nilitamani nimweleze, lakini ningeanzia wapi? Nikisema kwa nini sili naye, nimekubali posa mbele ya pilau.

Sikujua kuwa bado hajamaliza. Alitoa simu yake akaielekeza kwetu. "Basi tonge moja tu," akasema. "Mama, mlishe mwenzako tonge moja, nipige picha."

Wanawake wa Mambrui walijifunika midomo kwa leso, na wanawake wa Kakuyuni wakafanya hivyo hivyo. Mhudumu mmoja aliyekuwa amebeba glasi alisimama hapo hapo alipo. Ali aliinama chini mno, nikadhani atapasua sakafu ashuke.

"Mwanangu," nikamwambia Mratibu, "wewe umelelewa na nani?"

Akasema hiyo ni lugha ya chuki na akaomba tusameheane. Nikatoka nje, Ali akatoka kwa mlango wa jikoni, na sinia yetu wakaimaliza Omari na Mzee Charo juu ya ile yao, wakisaidiana kutoa nyama kwenye mfupa.

Njia panda ya Takaungu: ndimu

Tulivuka daraja la Kilifi, na tulipokaribia njia panda ya Takaungu basi likatoa sauti ya kikohozi likasimama. Mkanda wa injini umekatika. Dereva akampigia mtu simu, mtu akasema yuko njiani, na kila anayesema yuko njiani mnajua alipo.

Katika kutafuta vifaa, dereva aliinua kiti cha mbele akakuta ndimu. Ndimu nzima, peke yake, haina mwenyewe. Basi, hapo elimu yote ya amani ikaisha. Watu wa Kakuyuni wakasema ni Waswahili na majini yao, wamelifunga basi ili timu ya Kakuyuni icheze bila mashabiki. Watu wetu wakasema ni waganga wa Kigiriama, nani asiyejua. Mtu mmoja akauliza kwa akili, "Lakini sisi sote tumo basi hili hili, likifungwa si tumefungwa sote?" Akaambiwa anyamaze, haya ni mambo ya wakubwa.

"Ni yangu," Mratibu akasema, uso umemshuka. "Basi hunitia kichefuchefu. Huwa nainusa."

Hakuna aliyemwamini. Kila upande ulikuwa na maelezo yake na uliyapenda zaidi. Ndimu ikazikwa kando ya barabara, Mzee Charo akasoma vyake na Omari akasoma vyake, kila mmoja kwa sauti ya chini ili asimkere mwenzake.

Mimi njaa ilikuwa imeanza kunizungusha kichwa. Nilikaa juu ya jiwe nikafumba macho. Nikasikia mtu anazungumza na muuza madafu aliyekuwa pale kando, kisha hatua zinakuja, kisha zinasimama mbali kidogo. Kitu kikawekwa chini. "Kuna dafu hapa," sauti ya Ali ikasema, nikajua ananipa kisogo, "sijui la nani." Hatua zikaondoka.

Nililinywa nimegeukia minazi, na maji ya dafu lile sitayasahau. Nilipomaliza nikainuka, nikamwona kwa mbali nyuma ya basi, kanipa mgongo, anatafuna muhogo wa kuchoma haraka haraka kama mwizi, kwa kuogopa nisimwone anakula. Nikamhurumia. Kisha nikajikasirikia kwa kumhurumia, kwa sababu huruma ndiyo inayoozesha mabinti. Mtoto wa watu ameshinda na njaa kwa kunistahi, na mimi bado sijampa hata neno.

Mtwapa: bao moja

Mwishowe mkanda mpya uliletwa, tukafika mechi inataka kuanza. Watu wa Mtwapa walikuwa wamejaa, watu wa kila pembe ya Kenya wanaoishi pale kwenye vyumba vya kupanga, na kwao sisi sote tulikuwa kitu kimoja. "Hao watu wa Malindi wamefika," wakasema. Omari alijaribu kumweleza kijana mmoja kuwa kuna Mambrui na kuna Kakuyuni na ni mbali kama mbingu na ardhi. Kijana akamuuliza ni ipi iliyo karibu na bahari, kisha akaenda zake kabla hajajibiwa.

Tukapangwa tena kwenye mabenchi, wakali na wakali. Ngoma katikati.

Kipindi cha kwanza Karisa alikuwa simba. Aliruka huku, akaruka kule, mpira mmoja aliutoa kwa ncha za vidole. Omari alisimama juu ya benchi. "Huyo ni mtoto wetu," aliwaambia watu wa Mtwapa ambao hawakumuuliza. "Damu ya Mambrui hiyo." Mama yake Karisa, safu mbili chini yetu, aligeuka akacheka mpaka machozi.

Kipindi cha pili, yule mjukuu wa mzee Mbajuni akapiga shuti ambalo hata mimi ningelidaka kwa upawa. Mpira ukampita Karisa kwapani. Kakuyuni ikalipuka, wakamkumbatia yule babu Mbajuni, "mwana wetu, mwana wetu." Na Ali, ambaye alikuwa amejizuia tangu Malindi, mkono ulimponyoka. Akaipiga ngoma mara moja tu, kisha akaishika kama anayeiziba mdomo.

Omari akageuka. "Nilisema mimi," akapaza sauti. "Mgiriama hawezi kuwafungia wenziwe mlango. Kauza mechi." Kisha akamtupia Karisa lile neno la zamani la kumwita mtu wa porini. Mnalijua, sitaliandika. Mama yake Karisa alilisikia, akaangalia mikono yake. Na kwa kuwa ulimi ukishateleza hauna breki, Omari akamgeukia Ali aliyekuwa kando yangu, akamwambia lile lile usoni, akamwambia na ngoma yake airudishe huko huko.

Wetu wakacheka. Ali aliilaza ngoma chini taratibu, akaweka mikono magotini, kwa sababu Omari ni mjomba wa Zulekha na yeye alikuwa ameshamweka mahali pa mkwe, hata akitukanwa. Wenzangu wakaanza kupiga makofi ya kunialika. Mnajua desturi: wakishacheka, mimi huinuka nikaingiza wimbo. Nikainuka.

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua ilikotoka, na ninachokumbuka ni uso wa Omari ukitabasamu, akingojea nianze.

"Omari," nikasema, "mtukane refa. Tukana nyasi. Huyu ni mkwe wangu."

"Huyo ni nani?"

"Mkwe wangu. Na yule ni kipa wetu, hata akifungwa kumi."

Nikakaa. Makofi yalikatika mkono mmoja mmoja. Omari akanipa mgongo, na mgongo ule uliniuma kuliko bao. Nilijua nimepoteza kitu pale kwenye benchi na sikujua kama nitakipata tena.

Mratibu alikuwa amesikia. Alikuja mbio, amefurahi, simu mkononi, machozi yanamlengalenga. "Kumbatianeni," akasema. "Nyote wawili, kumbatianeni nipige picha."

Mimi nilikimbilia kushoto, Ali akakimbilia kulia. Ndivyo tulivyoumaliza mpira, tumefungwa moja bila.

Kurudi

Mkanda mpya ulikuwa mzima, na basi lilikuwa kimya. Nilikaa kwenye kiti changu. Ali alipanda, akapita, akaenda kukaa mbele kabisa kando ya dereva, akajibana na ngoma yake mapajani. Mratibu akamwona.

"Ndugu Ali, rudi kwenye kiti chako. Tumekubaliana kuchanganyika."

Ali hakusogea.

"Safari haijaisha. Rudi ukae na mama. Hatutaki ubaguzi saa hii."

"Kijana," sauti moja ikasema, imejaa hasira, "wewe huna adabu? Mkwe hakai na mama mkwe."

Alikuwa Omari. Basi zima likamuunga mkono. Kakuyuni wakasema haiwezekani, Mambrui wakasema haijapata kuonekana, dada wa umoja akasema ni aibu, na Mkamba wa maji akasema hata kwao Ukambani ni mwiko. Tangu asubuhi hatukuwa tumekubaliana juu ya chochote, na sasa watu wa kabila zote walikuwa wamesimama kwenye basi la umoja, kwa sauti moja, wanadai watu wawili watenganishwe. Mratibu akakaa. Nadhani alinusa kiganja chake, kwa kukosa ndimu.

Omari naye aliketi. Baada ya kitambo nikaona mabega yake yameshuka, akajua alichokisema. Hakugeuka. Mzee Charo alimpigapiga goti akamwambia kitu kwa sauti ya chini, na Omari akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa karata. Mpaka Malindi hawakuzungumza isipokuwa habari ya matone ya macho. Tuliposhuka Mambrui, magharibi imeshaadhiniwa, alinipita pale mlangoni mwa basi, akasimama.

"Watakuja lini?" akauliza, anatazama kanzu yake yenye rangi nyekundu.

"Ijumaa."

"Mchele nitaleta mimi," akasema, akaenda.

Zulekha alikuwa amenifunikia wali. Hakuniuliza kitu mpaka nimenawa na nimekaa. Habari zilikuwa zimeshamfikia kwa simu, zile za vipande, na hakujua aamini kipande gani. Nikamwambia tumefungwa. Akasema pole. Nikamwambia waje Ijumaa, mjomba wake ataleta mchele. Aliketi pale pale chini, kwenye jamvi.

"Mama," akasema baadaye, "umemwonaje? Picha yake hukutaka hata kuiona. Umemwonaje uso?"

Nikafikiri. Nilikaa na kijana yule bega kwa bega kutoka Malindi mpaka Mtwapa, na nilijua sauti yake, nilijua kisogo chake na viatu vyake, na lau angepita sokoni nisingemtambua.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sikumtazama."

Zulekha akaninyanyulia macho. "Umemwonea haya tangu wapi?"

"Tangu Malindi."

Akajifunika leso, akalia. Mimi nikavuta sinia, nikala, maana nilikuwa na njaa.